Kutoka Kasri la Bikaner Hadi Mashamba ya Miwa: Jinsi India Ilivyojifunza Kulenga Shabaha

Kwa miongo mingi India ilipeleka wanamichezo Olimpiki bila hata mmoja wao kusimama peke yake juu kabisa ya jukwaa. Dhahabu zake za zamani zote zilitokana na mpira wa magongo, mchezo wa timu. Dhahabu ya kwanza ya mtu binafsi ilipatikana Beijing tarehe 11 Agosti 2008, na aliyeileta hakuwa mkimbiaji wala mcheza mieleka. Alikuwa Abhinav Bindra wa Chandigarh, kijana wa miaka 25, aliyesimama mita 10 kutoka kwenye shabaha akiwa na bunduki isiyotumia baruti hata chembe.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi Pune, mji ambao Watanzania na Wakenya wengi wamepitia kusaka shahada. Tangu siku ile nimeufuatilia mchezo huu kwa mapenzi ambayo ndugu zangu nyumbani hawayaelewi. Wakisikia bunduki wanafikiria vita au ujangili. Mimi nafikiria mtu aliyesimama kimya, akipumua polepole, anayejua kwamba hata pigo la moyo wake linaweza kumnyang'anya medali.

Simulizi ya kawaida huko India ni kwamba Bindra alifungua mlango na taifa zima likaingia. Kuna ukweli ndani yake, lakini mimi naona mlango wenyewe ulifunguliwa na bunduki ya upepo, ile isiyotumia baruti. Kuanzia hapo ndipo mchezo wa wafalme ulipoweza kufika kwa binti wa mkulima.

Ni lazima turudi nyuma kidogo. Waingereza walipitisha sheria ya silaha mwaka 1878, miaka ishirini na moja baada ya maasi makubwa ya 1857, na kwa sheria ile Mhindi wa kawaida hakuweza kumiliki bunduki bila kibali chao. Waliobaki na bunduki ni wafalme wa dola ndogo ndogo, askari, na watu wachache walioaminiwa na serikali. Uhuru ulipofika mwaka 1947 sheria ilibadilishwa baadaye, mwaka 1959, lakini ugumu wa leseni ulibaki palepale. Kwa hiyo chama cha taifa cha mchezo huu kilipoundwa mwaka 1951, chini ya G.V. Mavalankar aliyekuwa Spika wa kwanza wa bunge la India huru, wachezaji waliokuwapo walikuwa ni watu wa namna ileile: wenye majumba, wenye vyeo, na wanajeshi. Jina la Mavalankar bado linatamkwa kila mwaka, kwa sababu mashindano yenye jina lake ni ngazi ambayo vijana hupanda kabla ya kufika mashindano ya taifa.

Mwaka 1952, huko Helsinki, Harihar Banerjee na Souren Choudhury walikuwa walenga shabaha wa kwanza wa India kwenye Olimpiki. Lakini aliyeupa mchezo huu sura ni Karni Singh, Maharaja wa Bikaner, mji wa jangwani Rajasthan. Huyu bwana alikuwa mbunge kwa miaka 25, na wakati huohuo akashiriki Olimpiki tano, ya kwanza mwaka 1960 na ya mwisho 1980. Mchezo wake ulikuwa kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa angani kwa mashine, na mwaka 1962 jijini Cairo alikosa ubingwa wa dunia kwa tundu la sindano, akaambulia medali ya fedha baada ya kupigania nafasi ya kwanza kwa risasi za ziada. Baada yake akaja Randhir Singh, wa ukoo wa kifalme wa Patiala, aliyeshinda dhahabu ya Michezo ya Asia Bangkok mwaka 1978. Nawaheshimu wote wawili. Mtu hawezi kusimama kwenye kiwango hicho kwa miaka ishirini kwa sababu ya utajiri tu. Ila bila utajiri wasingeweza hata kuanza, maana katika mchezo wa visahani kila jaribio ni risasi halisi inayolipuka na kuisha, na mazoezi ya siku moja yanakula risasi nyingi kuliko mshahara wa mfanyakazi wa kawaida unavyoweza kununua.

Uwanja mkubwa wa mchezo huu ulijengwa Tughlakabad, kusini mwa Delhi, kwa ajili ya Michezo ya Asia ya 1982. Leo unaitwa kwa jina la Karni Singh. Ulikuwa uwanja mzuri, lakini uwanja mmoja kwa nchi ile ni tone baharini.

Kisha yakaja mabadiliko ambayo hayakutoka India kabisa. Mwaka 1984, huko Los Angeles, mashindano ya bunduki ya upepo ya mita 10 yaliingizwa kwenye Olimpiki, ya wanaume na ya wanawake. Mwaka 1988 ikafuata bastola ya upepo. Wengi hawakuona uzito wa jambo hili. Bunduki ya upepo husukuma kirisasi cha milimita 4.5 kwa hewa iliyobanwa. Haina mlipuko, haihitaji ukuta mrefu wa udongo wala eka za ardhi. Ukiwa na chumba chenye urefu wa mita kumi na kitu, taa nzuri na ukuta imara, una uwanja. Zaidi ya hayo, sheria ya India haiibani bunduki ndogo ya upepo kama inavyoibana bunduki ya baruti. Mtoto wa shule anaweza kujifunza bila familia nzima kuzunguka ofisi za polisi kutafuta leseni.

Usidhani wepesi wa silaha umeurahisisha mchezo. Kwenye shabaha ya bunduki ya upepo, alama ya kumi ni nukta yenye upana wa nusu milimita. Nusu! Chukua kalamu uweke nukta kwenye karatasi, kisha uibandike ukutani na urudi nyuma hatua kumi na tatu hivi. Hiyo ndiyo wanayoilenga, na mara sitini, kwa saa moja na robo. Shabaha ya bastola ni kubwa zaidi, kumi yake ina upana wa milimita 11.5, lakini bastola inashikwa kwa mkono mmoja ulionyooshwa, bila egemeo lolote, na mkono hauachi kutikisika hata kwa bingwa wa dunia. Anachojifunza bingwa ni kuukubali mtikisiko ule na kuvuta triga bila kuuongeza.

Mwanamke wa Mumbai, Anjali Bhagwat, alikuwa mmoja wa wa kwanza kuonyesha kwamba Wahindi wanaiweza silaha hii. Sydney mwaka 2000 aliingia fainali ya bunduki ya upepo. Hakupata medali, lakini mwanamke wa India kufika fainali ya Olimpiki katika mchezo huu lilikuwa jambo ambalo halijawahi kutokea. Nyuma yake na ya wengine wengi alisimama Sunny Thomas, mwalimu wa Kiingereza kutoka Kerala aliyekuwa kocha wa taifa kwa karibu miaka ishirini kuanzia 1993. Ni mtu ambaye hatajwi inavyostahili.

Athens 2004 ilileta fedha ya Rajyavardhan Singh Rathore, afisa wa jeshi, kwenye visahani viwili vinavyorushwa kwa pamoja. Aliyemzidi ni Ahmed Al Maktoum, na ile ikawa dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa Falme za Kiarabu. Rathore alikuwa mwanamichezo wa kwanza wa India huru kupata fedha ya mtu binafsi. Hata hivyo alikuwa mwanajeshi, na jeshi ndilo lililompa risasi, muda na mshahara. Njia ya jeshi ilikuwapo, na ipo hadi leo kupitia kikosi maalumu cha walenga shabaha kilichopo Mhow, Madhya Pradesh. Ila kwa raia wa kawaida, Rathore hakuwa mfano ambao angeweza kuufuata kesho yake asubuhi.

Kwenye Olimpiki hiyohiyo Bindra alifuzu fainali akiwa nafasi ya tatu, kisha akamaliza wa saba. Baadaye iligundulika kwamba kigae cha sakafu chini ya miguu yake kilikuwa kimelegea. Mtu asiyejua mchezo huu atacheka: kigae? Lakini mlenga shabaha wa bunduki hujenga mwili wake kuanzia nyayoni. Nyonga inasukumwa mbele, kiwiko kinakaa juu ya mfupa wa kiuno, na koti gumu la turubai na ngozi linashika mgongo. Sakafu ikicheza nywele moja, yote hayo yanacheza. Bindra alirudi nyumbani akafanya mazoezi ya kusimama kwenye sakafu mbovu.

Sasa nifike Beijing. Chumba cha televisheni cha hosteli yetu kilikuwa na watu wachache asubuhi ile, wengi wao wakisubiri chai. Bindra alikuwa ameingia fainali akiwa na 596, pointi mbili nyuma ya Henri Häkkinen wa Finland. Fainali wakati huo ilikuwa risasi kumi, zilizojumlishwa na pointi za kufuzu, na alama zake huhesabiwa kwa desimali, yaani kumi yenyewe inagawanywa mpaka 10.9. Risasi baada ya risasi pengo likapungua. Baada ya risasi ya tisa Bindra na Häkkinen walikuwa sawa kabisa, 689.7 kwa 689.7. Dhahabu ya kwanza ya mtu mmoja katika historia ya nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja ilikuwa imebaki risasi moja.

Bindra akapiga 10.8. Häkkinen akapiga 9.7, akaporomoka mpaka shaba. Zhu Qinan, Mchina aliyekuwa anatetea dhahabu yake mbele ya watu wake, akachukua fedha. Jumla ya Bindra ilikuwa 700.5. Nakumbuka kwamba kwa sekunde kadhaa hakuna mtu aliyepiga kelele, kwa sababu nusu ya chumba hawakujua kama 10.8 ni nzuri au mbaya. Mpishi ndiye aliyeanza kushangilia alipoiona bendera. Ndipo kila mtu akatoka vyumbani, na siku ile hatukuingia darasani.

Bindra mwenyewe alitoka familia tajiri. Baba yake alimjengea uwanja wa mazoezi nyumbani, na alifanya mazoezi Ujerumani. Kwa maana hiyo alikuwa karibu zaidi na Karni Singh kuliko na mtoto wa mpishi yule. Lakini silaha aliyoishika ndiyo iliyokuwa tofauti. Mzazi aliyeona ile fainali kwenye televisheni aliweza kumtafutia mwanawe chumba chenye bunduki ya upepo katika mji wake, au mji wa jirani, na kuanza.

Pune kulikuwa na chumba cha namna hiyo, na kikubwa, kwenye uwanja wa michezo wa Balewadi pembezoni mwa mji. Uwanja ule ulitumika kwenye Michezo ya Vijana ya Jumuiya ya Madola Oktoba 2008. Rafiki yangu wa darasani alikuwa na mdogo wake pale, naye akanipeleka. Nilitarajia kelele. Nilichokuta ni ukimya wa maktaba, ukikatwa na mlio mdogo, pap, kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa. Vijana walikuwa wamepangwa kwenye mstari mmoja mrefu. Wavulana wawili hawakuwa na risasi kabisa: walikuwa wanainua bunduki, wanalenga ukuta mweupe usio na shabaha, wanavuta triga, wanashusha, wanaanza upya. Dada mmoja alikuwa amefumba macho, bastola imeinuliwa, akingoja kuona mkono utakuwa umesogea kiasi gani akiyafumbua. Yule mdogo wa rafiki yangu alinionyesha kopo lake la virisasi kutoka Ujerumani. Alikuwa anavihesabu. Alikuwa na kikomo cha siku, na kikomo kile kilipangwa na pochi ya baba yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa gharama. Bunduki ya upepo ya mashindano hutengenezwa Ulaya, Ujerumani, Austria, Uswisi au Italia, na kuiagiza moja kwa moja kulihitaji mchezaji awe tayari amefikia kiwango fulani cha alama kwenye mashindano ya taifa. Lakini atafikiaje kiwango hicho bila bunduki nzuri? Vilabu ndivyo vilivyoziba pengo hilo, kwa watoto watano au kumi kushirikiana silaha moja kwa zamu.

Klabu ninayoipenda kuliko zote sijawahi kufika. Ipo Johri, kijiji cha wilaya ya Baghpat, magharibi mwa Uttar Pradesh, katikati ya mashamba ya miwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chandro Tomar, bibi aliyekwisha kupita miaka sitini, alimsindikiza mjukuu wake wa kike mazoezini. Mtoto aliogopa. Bibi akashika silaha amwonyeshe kwamba hakuna cha kuogopa, akapiga katikati ya shabaha. Kocha akamwambia arudi. Akarudi, na Prakashi, aliyeolewa na ndugu wa mumewe, naye akajiunga. Chandro alifanya mazoezi ya mkono usiku nyumbani, akishikilia jagi la maji lililojaa, kwa kuogopa maneno ya wanaume wa ukoo. Vikongwe hawa wawili, wamevaa sketi ndefu na kujitanda shela kichwani, walianza kuwashinda askari polisi kwenye mashindano. Seema, binti ya Prakashi, alikuja kupata fedha ya Kombe la Dunia la visahani mwaka 2010. Chandro alifariki kwa korona Aprili 2021.

Watu hupenda kuisimulia hadithi ya mabibi hawa kama kichekesho kitamu. Mimi naiona kama sera bora kuliko nyingi zilizoandikwa ofisini. Vijana wa Johri na vijiji vya jirani waligundua kwamba kwenye jeshi, polisi na shirika la reli kuna nafasi za kazi zilizotengwa kwa wanamichezo. Cheti cha mashindano ya taifa kikawa na thamani kama shahada. Baba aliyekuwa anakataza binti yake kutoka nje akaanza kumpeleka mwenyewe kwa pikipiki. Hiyo ndiyo sababu Haryana na magharibi mwa Uttar Pradesh, maeneo yenye sifa mbaya kwa jinsi yalivyowatendea mabinti, leo yanatoa mabingwa wa kike. Manu Bhaker anatoka Goria, kijiji cha wilaya ya Jhajjar. Mwaka 2018, akiwa na miaka 16, alishinda dhahabu ya Kombe la Dunia huko Mexico. Mwaka huohuo Saurabh Chaudhary, mtoto wa mkulima kutoka Kalina karibu na Meerut, akiwa naye na miaka 16, alichukua dhahabu ya Michezo ya Asia.

Haikuwa mteremko. London 2012 ilileta medali mbili, fedha ya mwanajeshi Vijay Kumar na shaba ya Gagan Narang. Kisha Rio 2016 hakuna kitu. Bindra alimaliza wa nne, baada ya kushindwa risasi ya ziada na Serhiy Kulish wa Ukraine, akastaafu. Mwaka 2019 Wahindi walitawala Kombe la Dunia, wakaenda Tokyo na wachezaji 15, wakarudi mikono mitupu tena. Bastola ya Manu iliharibika katikati ya mashindano ya kufuzu. Muda ukawa unakwenda yeye akiwa nje ya mstari, na mwisho wake alikosa fainali kwa pointi mbili. Nchini kwao walimsema vibaya mno. Alikuwa na miaka 19. Yeye na kocha wake Jaspal Rana, bingwa wa Asia wa mwaka 1994, walikuwa tayari wamegombana na kutengana. Sikupenda wengi walivyoandika kumhusu wakati ule, na sijabadili mawazo.

Alirudiana na Rana mwaka 2023. Tarehe 28 Julai 2024, kwenye uwanja wa Châteauroux ambako mashindano haya ya Olimpiki ya Paris yalifanyika, alipata shaba kwa alama 221.7, akitolewa kwa pengo la 0.1 tu dhidi ya Mkorea Kim Ye-ji. Hakuna mwanamke wa India aliyewahi kupata medali ya Olimpiki kwa kulenga shabaha kabla yake. Siku mbili baadaye akapata nyingine ya timu mchanganyiko, mwanamke na mwanamume, pamoja na Sarabjot Singh.

Lakini medali iliyonitoa machozi ni ya Agosti 1. Swapnil Kusale, mtoto wa mwalimu kutoka kijiji cha Kambalwadi, wilaya ya Kolhapur, alipata shaba ya bunduki ya mita 50 kwa mikao mitatu: kupiga goti, kulala kifudifudi, kusimama. Fedha ilikwenda kwa Kulish yuleyule. Kusale alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni. Bunduki yake ni ya baruti, na baba yake alikopa ili kumnunulia risasi. Amelelewa na mpango wa serikali ya jimbo la Maharashtra na kufundishwa na Deepali Deshpande, aliyekuwa mlenga shabaha wa Olimpiki ya 2004. Na mazoezi yake mengi ameyafanya Balewadi, Pune.

Sasa tatizo limegeuka. India ilipeleka walenga shabaha 21 Paris, na waliobaki nyumbani wangeweza kufuzu katika nchi nyingi. Majaribio ya kuchagua timu yamekuwa makali kiasi kwamba mshindi wa medali hana uhakika wa kurudi. Wakati huohuo Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambako India ilivuna dhahabu 14 za mchezo huu Delhi mwaka 2010, iliuondoa mchezo wenyewe Birmingham 2022, na Glasgow 2026 nayo haikuuweka kwenye ratiba. Kwa kijana wa Jhajjar au Kolhapur hilo maana yake ni jukwaa moja kubwa limepungua, na pamoja nalo nafasi moja ya kupata kile cheti kinachofungua milango ya kazi ya reli. Naona wamekosea, na natamani vyama vya michezo vya Afrika Mashariki, ambavyo vina kura kwenye jumuiya hiyo, vingesema hivyo kwa sauti.